Sabuni kwenye Kifuniko cha Tangi

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilikuwa kuziba tundu ambalo halikupaswa kuzibwa. Lilikuwa tundu dogo, la kupenya sindano ya kushonea tu, katikati ya kifuniko cha tangi la pikipiki ya baba. Nililiziba kwa sabuni, nikapalainisha kwa kidole gumba mpaka pakawa kama hapajawahi kuwa na kitu, kisha nikajisifu kimoyomoyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kosa hilo nimelibeba muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na niliowasimulia hawafiki watatu. Mimi ni mtu wa kuona haya hata kwa mambo ambayo wenzangu walishayasahau.

Mwezi uliopita, baada ya arobaini ya baba, mama alinipa mfuko wa turubai uliokuwa ukikaa chini ya siti ya pikipiki hiyo. Nilipofungua kamba ilinipiga harufu ya petroli ya zamani iliyochanganyika na sabuni ya mche. Ndani, katikati ya spana na plagi mbovu, kulikuwa na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa cha kanga. Kilikuwa kimekauka na kupasukapasuka kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Nilikijua kipande hicho. Nilikijua tangu utotoni, na nilidhani najua pia kwa nini baba alikihifadhi.

Walio wa rika langu watakumbuka jinsi sabuni ilivyokuwa miaka ile. Kule kwetu Kahama ilikuwa ikija dukani kwa mgawo, na foleni yake ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Nguo za kazi tulifulia majani ya mpapai. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi vipande vidogo, na shangazi yangu alivificha kwenye kopo la chai juu ya kabati, akavihesabu kwa macho kila alipopita.

Shangazi alikuwa amekuja kukaa kwetu kwa sababu mama hakuwepo. Mdogo wangu Rehema alikuwa amefariki kwa surua kabla hajatimiza mwaka. Baada ya maziko nyumba yetu ikawa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Baba alikuwa muuza sufuria na chumvi minadani, mtu wa kupaza sauti siku nzima juani, lakini nyumbani hakuwa na maneno. Tangu azike hakulitaja jina la mtoto hata mara moja. Mama alilitaja peke yake jikoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamwita mtu aliye chumba cha pili. Ilipopita arobaini alifunga kanga zake, akapanda lori, akaenda kwao Buseresere. Wiki zikapita. Ikawa miezi.

Nilimuuliza shangazi mama atarudi lini. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho.

"Baba yako atamfuata. Pikipiki ikipata tangi."

Nadhani alisema hivyo kwa kuwa hakuwa na la kumwambia mtoto. Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo. Kwa akili yangu, kati yetu na mama hakukuwa na kitu kingine isipokuwa tangi bovu.

Na kweli lilikuwa bovu. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kuungaunga, injini ya moja, gurudumu la mbele la nyingine, taa ya trekta. Tangi lake la awali lilikuwa limeliwa na kutu mpaka sabuni ikashindwa. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kila fundi wa kwetu: tangi likivuja, unalisugua sabuni kavu mahali pa nyufa, petroli haiiyeyushi, unaendelea na safari. Lakini lile lilivuja kila mahali. Petroli ilipatikana kwa kibali, na baba asingeweza kumwaga nusu yake njiani kuelekea Ushirombo na Runzewe mpaka Buseresere.

Siku moja alirudi kutoka mnadani bila sufuria nne kubwa, amebeba tangi jekundu begani. Lilitoka kwenye mabaki ya pikipiki ya aina nyingine kabisa, pana kama tumbo la mbuzi aliyeshiba. Akaliweka barazani.

"Hili linaweza kukaa?" aliuliza.

Hakuwa anamuuliza mtu hasa. Mimi nikajibu, "Litakaa, baba."

Hakuna aliyekuwa amenifundisha ufundi. Nilikuwa nimefungua redio ya baba mara mbili na kuifunga, na mara ya pili ilizungumza. Nilikuwa na daftari nililochora kila nilichofungua, nati kwa nati, na nikikosea mstari nilichana ukurasa. Baba alinitazama kwa muda, akaingia ndani. Nililala na furaha.

Kazi tuliifanya mimi na Masanja, fundi baiskeli wa jirani, Msukuma mcheshi mwenye kidole kimoja kilichopinda. Alikuwa ndiye mwenye msumeno wa chuma na tupa.

"Mwangaluka, nsumba," alinisalimia asubuhi ya kwanza. Mimi mtoto akaniita kijana, nikajiona mrefu. "Hilo tangi umemwibia kiboko?"

"Shikamoo. Amelileta baba."

"Marahaba. Basi kiboko anamtafuta baba yako."

Kwanza tulitia kokoto ndani na maji, nikalitikisa mchana kutwa ili kutu ibanduke. Kelele yake ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati, na majirani walilalamika mpaka adhuhuri. Maji yalitoka mekundu, yakatoka ya kahawia, yakatoka meupe. Masanja alisema basi. Nikatikisa tena mara tatu.

Tulipolipandisha kwenye fremu lilicheza huku na huku, kwa sababu mfereji wa chini yake ulikuwa mpana kuliko bomba la fremu. Masanja alikataa katakata kuwasha moto wowote karibu na tangi lililowahi kulala na petroli. "Mimi nina watoto," alisema, "na kidole changu hiki kinanitosha." Kwa hiyo tulikata katambuga chakavu za baba, zile za tairi, tukazipanga pande mbili kama mito, kisha tukalifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu na bolti moja nyuma. Koki tuliiweka upande wa kushoto, juu ya kabureta, ili petroli iteremke yenyewe. Mpira wa mafuta niliukata mara nne nikitafuta urefu wa kuniridhisha, na mara ya nne ukawa mfupi mno. Nililia. Masanja akatoa mwingine mfukoni, akaupuliza vumbi, akanipa.

Ndipo likaja tatizo la usukani. Ukiupinda mpaka mwisho, mkono wake ulikuwa unagonga tangi.

"Tulirudishe nyuma vidole viwili," Masanja alisema. "Tukate siti kidogo."

Nikaiangalia siti. Nilipima kwa kiganja mahali anapokaa baba, halafu mahali panapobaki.

"Mama atakaa wapi?"

Masanja alijikuna shingo. Baba alikuwa mlangoni, amesimama na kikombe cha chai kilichopoa. Sikujua amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Hapo nyuma anakaa mtu," nikasema kwa sauti zaidi. "Hatukati."

Baba aliangalia siti. Kisha akaingia ndani, na mimi nikadhani nimemkasirisha. Masanja alicheka taratibu, akatafuta kipande kinene cha mpira, akakifunga pale usukani unapopindia ili usifike kwenye tangi. Tangu siku hiyo pikipiki yetu ilihitaji uwanja mzima ili igeuke, kama ng'ombe wa plau. Lakini siti ya mama ilibaki yote.

Ikabaki kazi ya kuhakikisha haivuji, na hapo ndipo nilipojiharibia. Masanja alijaza maji, akatazama, akasema kazi imekwisha, akaenda zake. Mimi sikuamini. Nilipangusa tangi lote kwa kitambaa, nikalipaka majivu makavu kila maungio, nikakaa na kungojea kuona wapi majivu yatalowa. Hayakulowa popote. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Nilijiambia, likivuja njiani petroli itaisha porini, baba atarudi, mama hatakuja, na itakuwa ni mkono wangu. Nikalifungua kutoka kwenye fremu, nikaligeuza kichwa chini miguu juu. Na pale katikati ya kifuniko likatoka tone la maji. Nikalipangusa. Likatoka lingine.

Sijasahau jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nimeona ambacho fundi hakukiona.

Nilipanda kiti, nikafungua kopo la chai, nikachukua kipande kimoja cha sabuni. Nilikisugua juu ya tundu, nikakisugua na ndani ya kifuniko, nikakandamiza kwa gumba mpaka kukawa laini. Nikaligeuza tangi tena. Kavu. Kipande kilichobaki nilikitia kwenye mfuko wa spana wa baba, kama akiba ya njiani. Jioni shangazi alihesabu kwa macho, akahesabu kwa kidole.

"Nani ameingia kwenye kopo langu?"

"Ni tangi, shangazi."

"Tangi linaoga?"

Baba, aliyekuwa akila, alisema, "Mwache." Ndilo neno pekee alilosema usiku ule.

Aliondoka alfajiri. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa chini ya koti la mvua, na nyuma ya siti alifunga mto mdogo wa kukalia. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema, "Keshokutwa, inshallah." Nilisikiliza mlio wa injini mpaka ulipoisha upande wa Ushirombo.

Keshokutwa ilipofika nilikaa barazani tangu asubuhi. Kila mlio ulikuwa wa lori. Jua lilipozama shangazi aliniletea uji nje, akakaa kando yangu bila kunigombeza. Nikamweleza kila hatua ya kazi, bolti kwa bolti, nikitafuta nilipokosea, naye akaitikia "ehe, ehe" mpaka nikasinzia.

Walifika siku iliyofuata, jua likiwa linaingia. Baba aliizungusha pikipiki kwa mduara ule mpana barabarani, na nyuma yake alikuwa mama, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka miguu. Alishuka polepole kama mtu aliyekaa chini siku nzima. Nilimkimbilia. Alinuka vumbi, petroli na sabuni. Nakumbuka hilo vizuri, maana nilishangaa harufu ya sabuni imetoka wapi kwa mtu mchafu kiasi kile.

"Tangi limevuja, baba?"

"Tangi halina neno," akasema.

Nikatazama kifuniko. Sabuni ilikuwa pale pale, laini. Nikalala nikiwa fundi.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa kibandani kwa Masanja pikipiki ya mteja mmoja ilipoletwa ikisukumwa. Inawaka, inakwenda kidogo, inazima. Masanja alifungua kifuniko cha tangi, kikavuta pumzi fsss, naye akaonyesha kwa kidole chake kilichopinda. "Unaona? Tundu limezibwa na matope. Tangi halipumui. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii. Jaribu kumimina mafuta ya taa kutoka kwenye debe lenye tundu moja."

Nilikimbia nyumbani. Kifuniko cha baba kilikuwa safi. Tundu lilikuwa wazi, limepenyezwa kitu chembamba. Kumbe walichelewa kwa sababu yangu. Kumbe mama alikwama porini juani, amebeba huzuni yake, kwa sababu mwanawe alitaka kujua kuliko fundi. Na baba alijua, akaninyamazia. Nilifungua mfuko wa spana. Kile kipande cha sabuni kilikuwa mle, sasa kimefungwa vizuri kwenye kitambaa cha kanga ya mama. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba amekihifadhi ili kila nitakapogusa spana zake nikumbuke nilichofanya.

Sikumuuliza. Yeye hakusema. Nilikua hivyo. Nikawa fundi, lakini wa aina gani? Mteja akileta kitu asubuhi, jioni bado nakikagua. Wakanipa jina, Bado Kidogo. Nimewahi kumfuata mtu hadi kituo cha basi ili nikaze nati ambayo nilikuwa nimeikaza mara tatu. Usinicheke. Nilikuwa namwona mama porini kila mara.

Basi mwezi uliopita, nikiwa nimekaa chini na sabuni ile kiganjani, hatimaye nikamwomba mama msamaha. Nilimweleza tundu, majivu, kopo la chai, yote. Mama alinisikiliza, macho yake yakizidi kuwa madogo, na kumbe anazuia kicheko.

"Seifu," alisema, "wewe umekaa na hilo miaka yote hii?"

"Si niliwachelewesha?"

"Wakati wa kuja kunifuata, baba yako alizimikiwa mara moja tu, kabla ya Ushirombo. Akafungua kifuniko, akaona sabuni, akaitoboa kwa mwiba. Alifika Buseresere mchana, pikipiki inakwenda kama mpya. Akakaa siku mbili na babu yako wanazungumza ng'ombe na mvua. Na mimi hakuniambia kitu. Mama yangu ndiye aliyesema nenda ukamwone mtoto wako wiki moja, urudi. Nikakubali hivyo. Nilikuwa nakuja kukuona wewe, kisha nirudi kwetu."

Sikuwahi kujua hilo.

"Alfajiri ya safari natoka kuchota maji, nikamwona amechuchumaa kando ya pikipiki na kipande cha sabuni, anasugua kifuniko. Nikadhani tangi linavuja. Tukaondoka. Hatukufika mbali, ikazima. Akasema injini imechoka, ipumzike. Tukakaa kando ya njia. Kimya. Akafungua kifuniko, fsss, akafunga, tukaenda. Ikazima tena. Mara hiyo akaniuliza kama nasikia kiu. Mara ya tatu nikamwambia, Baba Seifu, hicho kifuniko umekiziba wewe mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Alikiziba Seifu. Mimi nimerudishia tu.'"

Mama alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Halafu akalia. Pale pale, mtu mzima na kanzu yake ya Ijumaa, amekaa kwenye nyasi. Akasema Rehema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia analitaja tangu tumzike. Akasema kila akitaka kusema kinywa kinafunga, na akikaa nami nyumbani kuna mlango wa kutokea, na mnadani kuna watu, ila pale porini hakuna pa kwenda. Tulisimama tena na tena siku ile. Nyingine niliomba mimi, na sabuni nikaipaka mwenyewe. Tulipofika Kahama sikuwa tena mtu wa wiki moja."

"Na hii sabuni?"

"Hiyo yetu. Kukiwa na jambo zito alikuwa ananiambia, twende tukanunue mchele Isaka. Najua itazima njiani." Akanyoosha mkono, akaichukua, akainusa. "Aliikata kanga yangu nzuri kuifunga hii. Nilimgombeza."

Nilimuuliza kwa nini baba hakuniambia. Mama alianza kuifunga sabuni tena kwenye kitambaa. "Alidhani unajua umefanya jambo jema. Alikuwa akisema, mtoto yule alikataa kukata siti."

Nilirudi kazini siku ya tatu baada ya mazungumzo hayo. Kulikuwa na pikipiki ya kijana mmoja imesubiri tangu kabla ya msiba, tangi lake limefungwa, limejazwa, halivuji. Nililipitia mara moja, nikapuliza tundu la kifuniko, nikampa ufunguo. Alisimama pale akiniangalia, akingojea niseme bado kidogo. Nikamwambia kazi imekwisha. Siku hizi nakagua mara moja, kisha naenda kula.